Katikati ya Usukani

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika birika, Anti Rukea Davids hulirudisha kabati lake la nguo ukutani. Huwa haliendi mbali: shubiri moja, na siku za upepo wa kusini-mashariki shubiri mbili, na mara zote upande uleule, upande wa mlima. Hulisukuma kwa mgongo kwa sababu bega lake la kulia halifai tena, kisha huchomeka vipande vya tofali chini ya miguu ya mbele na kwenda kuwasha jiko. Jirani wa chini ana meza ya kulia chakula yenye tabia hiyohiyo. Akina Petersen, ng'ambo ya uwanja wa kuanikia nguo, wana kitanda cha shaba ambacho hukifunga kwa mnyororo wa mbwa. Kila kitu kilichotoka Wilaya ya Sita huenda hivyo, na hapa Hanover Park watu wameshazoea. Vitu vya kununua dukani hutulia pale vinapowekwa.

Kabati hilo liliingizwa kwa dirisha, kwa kamba, siku lori la serikali lilipowabwagia mizigo hapa. Milango ya maghorofa haya ni myembamba. Aliyeyachora hakufikiri kwamba watu wa aina hii wangekuwa na makabati. Serikali ya wakati ule ilikuwa imetangaza kwamba Wilaya ya Sita, chini ya mlima, ubavuni mwa jiji la Cape Town, ni ya Wazungu, na wasio Wazungu wafunge mizigo. Wakaibomoa Barabara ya Hanover, duka kwa duka, kisha wakalichukua jina lake na kulipachika huku kwenye mchanga ili watu wajisikie wako kwao. Nyumba wamekula, jina wamekutemea. Ukikaa huku majira mawili ya mvua utajua kwamba jina halina bati.

Gari nalo lilitoka huko. Ni Plymouth ya mwaka hamsini na sita, kijani chini, juu nyeupe kama maziwa, na ndilo lililobeba safari ya mwisho kutoka Mtaa wa Vogel nambari kumi na moja: Gasant, mume wa Rukea, kwenye usukani, Rukea amepakata cherehani, na nyuma yao tingatinga limeshaanza na nyumba ya jirani. Tangu siku hiyo usukani ukawa mzito. Ukielekea mjini, upande wa mlima, gari lilikwenda kwa kidole. Ukilielekeza kwingine kokote, kazini, sokoni, hospitali, lilikuvuta mikono kama mbuzi asiyetaka kutoka zizini. Gasant alikuwa mwashi na mikono yake ilikuwa ya kazi hiyo. Alipambana nalo miaka yote bila kulalamika, isipokuwa Ijumaa.

Ijumaa alikwenda kuswali kulekule. Misikiti na makanisa hawakuyabomoa, nadhani waliogopa, wakayaacha yamesimama pekee katikati ya majani. Basi Gasant alikwenda mwepesi na kurudi mzito, na nyumbani walijua kwamba Ijumaa mchana mtu hamsemeshi mpaka amalize chai yake.

Serikali mpya ilipokuja iliahidi kuwarudisha wote. Ndipo akatokea Bwana Fortuin wa ofisi ya madai ya ardhi, kijana wa tai, mwenye sauti ya kubembelezea wagonjwa. Aliketi kwenye kochi, akala koesister za Anti Rukea, zile zinazokaangwa na iliki na ganda la chungwa, zikachovywa kwenye shira na kupakwa nazi, akalamba vidole akasema, kama mdogo kwa kaka yake, "Boeta Gasant, Anti, nyinyi mko mbele kabisa. Ni hivi karibuni tu."

Kiwanja chenyewe kilikuwa tupu. Hata waliofukuza watu hawakupata wa kutosha wa kuja kuishi pale, aibu iliwazuia hao waliokuwa nayo. Hapakuwa na mtu wa kuhamishwa wala ukuta wa kuvunjwa ili Rukea arudi kwake. Palikuwa na majani na mifuko ya plastiki, na hilo likashindikana. Nyumba chache zilijengwa upande wa juu, watu wachache wakakabidhiwa funguo mbele ya kamera. Gasant alifia kwenye foleni. Fortuin alikuja mazishini, akatoa pole kwa adabu sana, akala tena.

Baada ya hapo Rukea akashika usukani mwenyewe. Jumapili alfajiri alisambaza koesister kwa wateja wake, Ijumaa alimpeleka msikitini rafiki yake Anti Galiema, ambaye milango yao ilitazamana Mtaa wa Vogel. Bega likaanza kulia. Daktari wa kliniki alilibonyeza akashangaa, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Naendesha gari," alisema Rukea.

"La mizigo?"

"La mume wangu."

Daktari akampa dawa ya kuchua.

Binti yake Shamiela, aliyezaliwa hukuhuku Hanover Park na kufanya kazi ya kushona mapazia, alikuwa na dawa nyingine. "Mama, uza hilo gari. Kuna watu wanatafuta magari ya namna hii kama wendawazimu. Wanayaweka gereji, wanayapangusa Jumapili, basi."

"Na mimi uniuze pamoja nalo. Wanipanguse Jumapili."

"Nazungumza ukweli. Bega litakutoka."

"Shamiela, nataka kitu kimoja tu duniani. Nataka kuamka siku moja Mtaa wa Vogel nikute kabati liko pale nilipoliacha. Baba yako hakupata. Mpaka nipate mimi, gari haliuzwi." Akajichua bega. "Muite Toyer. Nasikia siku hizi wanatia pawa hata kwenye magari ya zamani."

Toyer alikuwa fundi wa mtaa wa tatu, mtu wa miaka arobaini, kitambi mbele, mdomo haupumziki. Alizaliwa hapa, na kila alichokuwa nacho kilitoka dukani, kwa hiyo alilala vizuri. Alilizunguka Plymouth mara mbili, akaingia, akauzungusha usukani upande usiotaka, akatoka anapuliza viganja.

"Anti, hili siyo gari, hii ni ndoa."

"Utaweza au utanichekesha tu?"

"Nitaweza. Nakuchukulia mhimili wa usukani wa kigari kidogo kilichopata ajali, wenye mota yake ya umeme. Nakata wa kwako, nakata wa kile, naunganisha chini ya dashibodi. Hakuna pampu, hakuna mafuta, ukitazama kwa nje hujui. Utaliendesha hili dude huku umeshika kikombe cha chai."

Kazi ilifanywa kwa kanala, kama zinavyofanywa kazi zote za maana hapa: unaomba kwa hisani, watu wanakuja, hakuna anayetaja malipo. Mwenye yadi ya vyuma chakavu alitoa ule mhimili kwa ndoo ya koesister. Petersen alikuja na mashine yake ya kuchomelea na maoni yake kuhusu kila kitu. Anti Galiema alipika sufuria la dengu na nyama, akaketi kivulini kuhakikisha linaliwa. Wanaume walibishana chini ya dashibodi, miguu nje, kuanzia asubuhi hadi jua lilipopita juu ya maghorofa, wakakata chuma ambacho mkono wa Gasant ulikuwa umekitegemea, wakakiunga na chuma cha kigeni, na Petersen akasema uungaji huo utaishi kuliko serikali.

Kanala ina sharti moja. Mwenye shida lazima naye atie mkono, kwani kazi ambayo mwenyewe hakuigusa haina baraka. Kwa Rukea, Toyer alikuwa ameiacha hatua ya mwisho. Alimketisha kwenye kiti cha dereva, magurudumu ya mbele yakiwa hewani juu ya jeki, yeye akalala chali kule chini na kiboksi kifuani.

"Sikiliza sasa, Anti. Ndani humu mna kidude kinachohisi mkono wako unakwenda wapi. Ukisukuma kulia, mota inakusaidia kulia. Ukisukuma kushoto, inakusaidia kushoto. Lakini kwanza lazima nikifundishe katikati ni wapi. Wewe shika usukani sawasawa, magurudumu yatazame mbele kabisa, usiachie. Nikibonyeza hapa, kitakariri. Tukikidanganya, kitasaidia upuuzi mpaka kiama."

"Nimeshika."

Gari lilikuwa limetazama kaskazini, na mlima ulikuwa kushoto. Usukani ulivuta kushoto kama kawaida yake. Rukea aliushika kwa mikono miwili, akaubana, na bega likaanza kumwambia mambo yake.

"Petersen, nipe bisibisi ndogo. Siyo hiyo. Siyo hiyo, mzee, hiyo ni ya kufungulia bati. Anti, bado umeshika?"

"Nimeshika."

Alikuwa ameshika, na wakati ameshika alikuwa anafikiri. Alimfikiria Gasant na chai yake ya Ijumaa. Alifikiri jinsi yule mtu alivyolivuta gari hili kutoka kwao kila wiki, kwa mikono yake mwenyewe, ili awahi kazini, akawajengee kuta watu waliomvunjia zake. Hakuna polisi aliyehitajika. Walimtoa mara moja kwa tingatinga, na baada ya hapo akajitoa mwenyewe kila Ijumaa mpaka akafa, na yeye Rukea akarithi kazi hiyo, akaifanya kwa bidii, akaiharibia bega. Alimkumbuka Fortuin anavyolamba vidole. Hasira ilimpanda polepole kama maziwa jikoni, na ilipofika ukingoni hakuipuliza.

Akaachia.

Usukani ulizunguka wenyewe kuelekea kushoto, bila haraka, robo mzunguko, ukasimama. Mtetemo wake ukaisha. Miaka yote hiyo Rukea hakuwahi kuuona umetulia hivyo mbali na kule, na alipouona machozi yalimtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Iko katikati, Anti?" aliuliza Toyer kutoka chini.

"Iko katikati."

Toyer akabonyeza.

Ijumaa iliyofuata Rukea alivaa kanzu yake ya kijivu, akampakia Anti Galiema nyuma na Shamiela mbele, Shamiela akiwa amekuja ili akipata nafasi aseme nilikwambia. Gari likawaka. Rukea aliweka mikono mapajani.

"Mama, mbona hushiki?"

"Lina pawa."

Plymouth lilitoka uwanjani kwa adabu, likaingia barabarani, likasimama kwenye taa nyekundu, likaondoka kwenye kijani. Shamiela alinyoosha mkono auguse usukani, na mota ikaurudisha kwa upole, kama mama anavyoutoa mkono wa mtoto kwenye sufuria. Baada ya hapo alifunga mkanda. Nyuma, Anti Galiema alikuwa anakula pipi za karafuu na kutazama dirishani.

"Boeta Gasant alikuwa anakwenda kasi zaidi," alisema.

Walipita msikiti, wanaume wanavua viatu mlangoni, wengine wakawapungia. Gari halikusimama. Lilipanda ukingo, likasukuma ua wa waya mpaka ukalala, likaingia kwenye majani marefu ya kiwanja kitupu. Hapo likapunguza mwendo, kwa kuwa Mtaa wa Vogel ulikuwa mwembamba. Kwenye kona ya duka la Moosa, ambalo halipo, lilizunguka kwa mbali kidogo, maana Moosa alikuwa na mazoea ya kupanga masanduku ya nyanya barabarani na mtu akiyagonga ilikuwa kelele. Kisha likajisogeza kando na kusimama mbele ya nambari kumi na moja, gurudumu la nyuma karibu na ukingo kama Gasant alivyopenda. Injini ikazima.

Rukea alishuka. Palikuwa na majani, vipande vya matofali na chupa iliyovunjika. Alipanda ngazi mbili za baraza, akaketi pale juu, mahali pake, mgongo ukutani, miguu yake ikiwa kimo cha goti kutoka kwenye majani. Anti Galiema naye alitazama kulia, akatazama kushoto, akavuka barabara kwenda kwake, akaketi kwenye baraza lake. Wakaanza kuzungumza kwa sauti kutoka upande hadi upande, kama zamani, kuhusu bei ya unga na mke wa fulani. Shamiela alibaki chini kwenye majani. Alijaribu kupanda alipopanda mama yake, mguu ukarudi ardhini. Alikuwa amezaliwa amechelewa.

"Pakoje huko?" aliuliza.

"Pana baridi. Jiwe hili huchukua mchana mzima kupata joto," alisema Rukea. "Nenda kamwambie Toyer alete kabati. Alitoe kwa dirisha."

Kabati halikuwahi kuja. Mlinzi wa kiwanja alipiga simu, na kabla ya swala ya alasiri Bwana Fortuin alifika kwa gari lake jipya, linalogeuka kwa kuambiwa tu. Nywele zake sasa zilikuwa na mvi. Watu wa Hanover Park wanajua kwamba mama yake alizaliwa hatua chache kutoka pale, na kwamba bufee, kabati la vyombo, ya marehemu bibi yake iko sebuleni kwake, huko anakoishi kwenye miti na kimya, imefungwa ukutani kwa skrubu ndefu. Alipita kwenye majani mpaka chini ya ngazi, akasimama.

"Hodi, Anti."

"Karibu. Pangusa viatu."

Fortuin alivipangusa, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, mahali palipokuwa na kitambaa cha mlangoni. Akapanda ngazi zote mbili. Hakujikwaa.

"Anti, unajua huwezi kukaa hapa."

"Nimekaa."

"Namaanisha utaratibu. Mchakato bado unaendelea."

"Gasant alikufa ukiendelea. Mama yako alikufa ukiendelea. Mchakato wenu una afya kuliko sisi sote."

Fortuin alitazama viatu vyake. "Ukiingia mwenyewe namna hii, unawavuruga wenzako walio kwenye foleni."

"Uliniambia niko mbele kabisa. Sasa aliye mbele yangu ni nani? Nitajie mmoja tu aliye hai, nikampishe."

Ng'ambo ya barabara Anti Galiema alipiga kelele, "Mwambie mimi niko nyuma yako, sina haraka, nina pipi!"

"Wewe umekula kwangu mara ngapi, Fortuin?" aliuliza Rukea. "Unakuja, unaketi, unakula, unasema hivi karibuni. Wale wa mwanzo walitufukuza kwa matusi na tukajua tuwachukie. Wewe unatufukuza kwa adabu. Unapangusa viatu kwenye nyumba yangu! Unaujua mlango wake! Halafu unaniambia haipo."

"Sijasema haipo, Anti." Alisema polepole. "Nimesema bado haijaidhinishwa."

Polisi walikuja, wanne, na wawili kati yao walikuwa wajukuu wa mtaa wa pili. Walimwinua Rukea kutoka barazani, wakamteremsha ngazi zote mbili wakihesabu ili asiumie, wakamwekea kanzu yake vizuri. Mara ya kwanza, zamani, waliomfukuza walimtukana. Hawa walisema samahani, Anti, samahani sana. Uzito aliousikia ulikuwa uleule. Anti Galiema alitoka kwake mwenyewe na kufunga mlango kwa ufunguo.

Gari likawa suala lingine. Gari linaloelekea linakotaka ni hatari kwa umma, Fortuin alieleza. Ama lirekebishwe hapohapo, ama livutwe hadi yadi ya jiji, na huko huwa wanayabana yakawa kama kitabu. Toyer aliitwa. Alikuja na jeki na kile kiboksi, akasikia mkasa wote, akamtazama Rukea kwa muda.

"Ulisema iko katikati."

"Ilikuwa katikati."

Toyer alijikuna kitambi. Akainua magurudumu, akaingia chini ya dashibodi. "Mtu ashike usukani utazame mbele," alisema kutoka kule. "Ashike kwelikweli safari hii."

Polisi wakamtazama Rukea. Fortuin akamtazama Rukea.

"Mimi nimeshika vya kutosha," alisema. "Shika wewe."

Basi Bwana Fortuin alivua koti, akaliweka kwenye bega la Shamiela bila kumuuliza, akaingia kwenye kiti cha Gasant. Alishika usukani kwa mikono miwili na kuutoa kwenye Mtaa wa Vogel. Wote waliokuwapo waliuona uso wake. Kwanza alishtuka, kisha mishipa ya shingo ikamsimama, tai ikapinda, jasho likamtoka chini ya mvi. Gari lilimvuta kuelekea pale mlango ulipokuwa, na akavutwa na kitu kingine, nyuma kidogo, nyumba ya tano kushoto, alikozaliwa mama yake. Rukea alimwona anavyogeuza kichwa upande huo. Alikuwa anajua. Wilaya yenyewe ilikuwa mikononi mwake, nzito kama ilivyo, na alikuwa anaijua yote.

"Achia," alisema Rukea, taratibu, kama anavyoambiwa mtoto. "Achia tu, mwanangu. Itakwenda yenyewe."

Toyer aliuliza kutoka chini, "Iko katikati?"

Fortuin akakaza.

"Iko katikati," alisema.

Toyer akabonyeza.

Rukea alirudi Hanover Park akiendesha mwenyewe, kwa kidole kimoja. Lilikwenda kulia, likaenda kushoto, lilikwenda popote alipolielekeza, laini kama samli, na mkononi hakusikia kitu. Mlima ulikuwa nyuma na usukani haukusema neno juu yake. Kwenye taa za barabarani Shamiela alimuuliza bega linaendeleaje, naye akajibu ukweli, kwamba haliumi. Halijauma tena tangu siku ile. Hiyo ndiyo fidia aliyolipwa na ofisi ya madai ya ardhi mpaka leo.

Ua wa waya ulirudishwa, mrefu zaidi. Toyer alitaka kuja kukifundisha kile kidude upya, kwa kanala, lakini kila alipoyainua magurudumu na kuuachia usukani, ulibaki pale alipouacha. Alijaribu mara tatu akakusanya vifaa vyake, na safari hiyo hakuonja hata dengu. Fortuin aliomba kuhamishiwa idara ya maji kwa sababu za kiafya; wanasema bega la kulia. Aliyeshika nafasi yake ni dada mchangamfu mwenye miwani. Alikuja kujitambulisha, akaketi kwenye kochi, akasema Anti yuko mbele kabisa, ni hivi karibuni tu. Rukea hakumpa koesister. Alimpa maji.

Asubuhi ya pili yake aliamka, akalikuta kabati limetoka ukutani shubiri moja, akaenda kuinjika birika. Hakulisukuma. Alitoa matofali chini ya miguu yake, akayatupa kwa dirisha, na alipokuja Shamiela na kuegemeza mgongo ili alirudishe, alimzuia.

"Liache," alisema. "Nimechoka kuwafanyia kazi yao."

Lilivuka chumba, likavuka sebule, likakisukuma kochi kando, na baada ya wiki chache likafika kwenye mlango wa mbele. Hapo lilikwama, kwa kuwa mlango ni ule ule mwembamba. Wageni sasa huingia kwa ubavu, wanavuta tumbo, wanasalimia, na hakuna anayeuliza. Kutwa nzima unalisikia likigonga fremu, siku za upepo kwa nguvu zaidi, ghorofa zote tatu. Majirani hawalalamiki, nao wameyatoa matofali yao. Watu wengine hubisha hodi ili waingie. Kabati la Anti Rukea linabisha kutokea ndani, na bado halijafunguliwa mlango.